Kazi Ninayoitamani

Sisi wa Kidato cha Nne huulizwa kila mara, "Ukimaliza shule utafanya kazi gani?" Wenzangu wengi hujibu udaktari au uwakili. Mimi natamani kuwa injinia wa umeme wa mvuke wa ardhini, na napenda kueleza sababu zangu.

Baba yangu ni mkulima wa mahindi. Mwaka 2022, vita vilipoanza nchini Ukraine, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 sokoni kwetu. Baba aliuza mbuzi wawili, na hata hivyo nusu ya shamba ilipandwa bila mbolea. Mavuno yalikuwa haba, na dada yangu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Tangu hapo nilitaka kujua jinsi vita vya mbali vilivyofika mpaka kwenye sufuria yetu.

Jibu nililipata katika somo la kemia. Mbolea nyingi hutengenezwa kwa amonia, na amonia ni naitrojeni ya hewani iliyounganishwa na haidrojeni. Haidrojeni hiyo kwa kawaida hutolewa katika gesi asilia. Urusi huuza gesi na mbolea kwa wingi, ndipo vita vikapandisha bei. Lakini iko njia nyingine: umeme ukipitishwa katika maji, maji hugawanyika yakawa haidrojeni na oksijeni. Umeme huo ukitokana na jua, upepo au mvuke wa ardhini, haidrojeni yake huitwa ya kijani.

Mvuke huo tunao. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, umeme wake ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na visima vingine vina kina cha mita 3,000. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali yetu ilitangaza mpango wa haidrojeni ya kijani, na mbolea imo katika mambo ya kwanza.

Nilipomweleza baba habari hizi, alicheka akasema, "Mwanangu, hapa kwetu bado twasoma kwa taa ya mafuta, nanyi mwataka kuyapa maji umeme?" Swali lake ni la haki. Nilimjibu kwamba usiku wa manane, watu wanapolala, umeme hautakiwi sana, na mvuke mwingine huachwa upotee hewani. Mvuke huo ungeweza kutengeneza mbolea bila kumnyima mtu taa. Ni kweli kwamba mitambo yake ni ghali mno, na haidrojeni ya kijani bado ina gharama kubwa kuliko ile ya gesi. Kupunguza gharama hiyo ndiyo kazi ya mainjinia, wala haitafanywa kwa maneno.

Njia yenyewe ni ndefu. Yanipasa kufaulu hisabati, fizikia na kemia, kisha nisome chuo kikuu miaka mitano. Wakenya wengi wamekwenda kujifunza zaidi Aisilandi, ambako mafunzo ya mvuke kwa wageni yalianza mwaka 1979. Baba angali anapenda niwe mwalimu, kwa kuwa mshahara wa mwalimu anaujua. Simlaumu. Tumepatana kwamba nikifaulu vizuri hisabati, hatanizuia.

Basi, ndugu wasomaji, tusiikimbie hisabati kwa ugumu wake. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mali yetu hii iko mvunguni mwa ardhi.