Usimsubiri baba mtoto anapochemka

Umeme ulikatika Majimoto, mvua ikipiga mabati. Mama akawasha simu, wanawe wakamzunguka kutazama filamu ya Kibengali aliyorushiwa na mdogo wake wa Mpanda: Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955. Haina rangi. Lugha hawakuielewa, lakini kisa walikifuata.

Durga, dada mkubwa, anacheza mvuani. Homa inampanda. Baba yuko mbali akitafuta riziki. Mama anakesha, upepo ukigonga mlango. Binti anafariki. Baba anarudi na zawadi, anatoa sari ya Durga. Hapo mkewe analia, lakini kilio hakisikiki; unasikika muziki tu.

Mama alimgusa kitindamimba wake. Alikuwa wa moto tangu asubuhi, naye alikuwa akimsubiri mumewe atoke shamba la mpunga na nauli.

Kulipokucha alikopa kwa jirani, akaenda kituo cha afya. Kipimo kilionyesha malaria. Dawa zikaanza siku hiyohiyo.

Mvua haileti malaria, mbu ndiye anayeileta. Mzazi, mtoto akipata homa apimwe ndani ya saa 24. Baba apigiwe simu mkiwa njiani.