Programu ya kikundi ije kwenye pakiti, kama mbegu



Kazi yangu ni ugani, si kompyuta. Lakini siku hizi nikimaliza kuongea habari za ndigana kali huku Meru, swali linalofuata mara nyingi ni la kompyuta ya kikundi. Leo nijibu moja kwa kirefu, kwa sababu linagusa mfuko.

Kikundi kimoja cha maziwa, jina naliacha, kina tanki la kupoozea. Fundi kijana aliwaandikia programu ndogo: kila baada ya dakika 10 inasoma joto la maziwa, na likipanda inatuma ujumbe kwenye simu ya mwenyekiti. Ilifanya kazi vizuri. Jioni moja karani akaona dirisha jeusi limebaki wazi kwenye skrini, akalifunga, kama wewe na mimi tunavyofunga kitu tusichokitumia. Usiku umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri yake, lakini ujumbe haukuja. Asubuhi lita 180 zilikuwa zimechachuka na mnunuzi akazikataa.

Nilipofika, kikao kilikuwa kinajadili kumkata karani mshahara. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, dirisha tu ndilo limeharibu maziwa?"

Ndiyo, mama. Kwenye kompyuta za Linux, programu uliyoianzisha ndani ya dirisha la amri imefungwa kwenye dirisha hilo kama ndama kwenye kamba. Ukilifunga dirisha, kompyuta huiambia programu kwamba mwenyewe ameondoka, na kwa kawaida programu inakufa hapo hapo. Karani hakuambiwa hivyo na hakuna aliyemwandikia. Kikao kilielewa, mshahara haukuguswa.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Inaitwa daemonize, imeandikwa na Brian Clapper wa Marekani. Kazi yake ni moja: inaikata ile kamba, programu ikaendelea chinichini hata dirisha likifungwa. Pia inaandika namba ya programu kwenye faili, ili mtu ajue ni ipi ya kusimamisha, na inapeleka maneno ya programu kwenye daftari la kumbukumbu. Ukiiagiza, inazuia pia nakala mbili zisiende kwa pamoja.

Mtu wa Meru anaipataje? Hapo ndipo penye somo. Kwenye Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, watu wa kujitolea wameifunga zana hii kwenye pakiti. Anayesimamia kompyuta anaandika mstari mmoja:

apt install daemonize

Pakiti hiyo ina jina, toleo, jina la anayeitunza, na orodha ya vitu inavyovihitaji. Kila faili linakaa mahali panapojulikana. Ukiichoka, mstari mmoja mwingine unaiondoa. Ni kama pakiti ya mbegu yenye lebo ya TOSCI: humjui aliyeizalisha, lakini unajua ni mbegu gani na umuulize nani. Mbegu ya kwenye mfuko wa plastiki usio na maandishi inaweza kuota vizuri, ila ikigoma huna pa kuanzia.

Programu ya kikundi kile ilikuwa mbegu ya mfuko mtupu. Fundi alikwishahamia Dar es Salaam, maelekezo yote yakiwa kichwani mwake. Tulimpigia, akakubali kuifunga upya. Ndani ya pakiti aliandika kwamba inahitaji daemonize, hivyo kompyuta inaivuta yenyewe ikiwa na mtandao. Akaweka mstari wa kuianzisha kila kompyuta inapowashwa:

@reboot root daemonize -p /run/joto.pid -l /run/joto.lock -a -o /var/log/joto.log /usr/bin/joto

Angalia mwisho: daemonize inataka njia kamili ya programu, kuanzia mkwaju wa kwanza. Ukiandika jina tupu, inakataa.

Onyo moja. Daemonize inaachilia programu iende, haiifufui ikifa kwa sababu nyingine. Kwa hiyo ukimya wa simu usikupe usingizi. Karani sasa anafungua daftari la kumbukumbu kila jioni kabla ya maziwa kumiminwa, na kuangalia saa ya mstari wa mwisho. Ikiwa imepita zaidi ya dakika 10, anapiga simu na mlinzi anapima joto kwa mkono.

Kabla kikundi chenu hakijamlipa fundi malipo ya mwisho, mwambieni aonyeshe haya mbele ya karani:

1. Programu inawekwa kwa amri moja, na kuondolewa kwa amri moja.
2. Dirisha likifungwa, inaendelea.
3. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, inaanza yenyewe.
4. Daftari la kumbukumbu liko wapi na linasomwaje.
5. Pakiti ina jina la anayeitunza na namba ya toleo.

Kisha fundi akae pembeni, karani afanye yote peke yake. Akikwama, kazi haijaisha, na hela ibaki kwa mweka hazina. Nakala ya pakiti iwekeni kwenye flashi, ifungiwe pamoja na daftari la hisa. Kompyuta inaweza kuibiwa. Pakiti ikiwepo, nyingine itafanya kazi siku hiyo hiyo.