Nani Alibeba Kisanduku cha Rangi?

Kabla ya kamera, kuchora mandhari ilikuwa kazi ya jeshi. Katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, msanii Paul Sandby alianza kufundisha makadeti kuchora mwaka 1768. Hesabu ilikuwa rahisi: afisa akikuletea mlima, mto na ngome kwenye karatasi, unajua mizinga itapita wapi. Kwa hivyo zile picha tulivu za rangi za maji, mbingu safi na miti miwili pembeni, zina undugu na upelelezi.

Siku hizi ni vitu vya kale, watu wananunua na kutundika sebuleni. Mteja mmoja wa ng'ambo alinipa kazi ya kuziandikia maelezo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kodi ya keja hapa Hurlingham haijui kusubiri, nikasema sawa.

Nikafika kwa James Augustus Grant, afisa wa jeshi la India aliyetoka Zanzibar mwaka 1860 na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Kamera walikuwa nayo, lakini kazi yake ndani ya hema lenye joto haikuwezekana, Grant akashika brashi. Michoro yake mingi ikaingia kwenye kitabu cha Speke cha 1863. Humo pia mna maporomoko ya Ripon, Jinja. Ukienda leo huyaoni. Yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Sasa utaichomaje picha kama hiyo? Tunaihitaji, hata kama aliyeichora hakuja kwa ajili yetu.

Nikaongeza sentensi moja kuhusu Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, aliyewatafsiria safarini. Pia wapagazi, maana kisanduku cha rangi hakikujibeba. Mteja akafuta: wanunuzi wanataka mandhari, bwana.

Hapo ndipo iliponiuma. Picha inaonyesha mahali, lakini maelezo ndiyo huamua nani alikuwepo.

Kutoka dirishani kwangu naona bangaloo ya vigae ikibomolewa, ghorofa inakuja. Hata jina Hurlingham lilitoka London. Kesho mtu atauliza hapa palikuwaje. Nimeipiga picha na simu, na chini yake nimeandika jina la mlinzi aliyekaa kwenye hilo lango, na la mama aliyemuuzia chai.