Pikipiki ya mwaka gani?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mliohama makwenu mnaonifuata kutoka kwa familia zilizowapokea, leo siwaletei habari ya treni wala bei ya mahindi. Nawaletea habari yangu mwenyewe, juu ya makuta niliyotoa, ambayo kidogo tu yangenifanya mtu mbaya.

Mnanijua: miaka miwili nilitafuta habari kwa kinga. Wakati wa mvua, matope yanashika gurudumu, na habari inafika imekwisha kuoza. Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nikaamua kununua pikipiki ya mkono wa pili. Mdogo wangu akasema: "Yaya, usinunue ile ya kubeba makaa. Nunua Apache." Kweli, hata moyo wangu ulikuwa huko. Apache RTR 160 4V ni pikipiki ya mbio, inatengenezwa na TVS kule India, na kijana akipita nayo sokoni vichwa vinageuka.

Za kuuzwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa Kamina. Mwenye kuiuza alisema ni ya 2021, dola 1,100. Nyingine ilikuwa hapahapa Kabondo-Dianda, kwa baba mmoja aliyekimbia maji ya Lualaba yalipojaa upande wa Bukama. Alisema ni ya 2019, akaomba dola 700. Mdogo wangu hakutaka kusikia maneno mengine: "Mwaka mpya ni mwaka mpya."

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, anayefungua injini tangu nikiwa mtoto. Alinipa mafundisho matatu, na ninawapa ninyi bure.

La kwanza ni mafuta. Apache hii ya 4V ilitoka mwaka 2018 kwa namna mbili: yenye kabureta, na yenye injeksio, ile inayopuliza mafuta kwa umeme. Tarehe 1 Aprili 2020, India ilianza kutumia sheria kali ya moshi inayoitwa BS-VI, na Apache za kuuzwa kule kwao zikawa za injeksio. Lakini zinazotumwa nje zinaweza kubaki na kabureta. Kwa hiyo usitazame mwaka tu, inama utazame kwa macho. "Injeksio si mbaya," mzee akasema. "Inawaka vizuri asubuhi na haili mafuta mengi. Lakini sisi tunanunua mafuta ya chupa kando ya barabara, mara yana maji, mara yana mchanga. Kabureta ikiziba, unaifungua kwa bisibisi chini ya mwembe, unasafisha, unaondoka. Pampu ya injeksio ikifia njiani, unasukuma mpaka nyumbani."

La pili: mwaka umeandikwa shingoni mwa pikipiki, si mdomoni mwa mwenye kuuza. Chini ya usukani kuna namba iliyogongwa kwenye chuma, yenye herufi na tarakimu 17. Kwa pikipiki nyingi, alama ya kumi ndiyo mwaka: H ni 2017, J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021. I hairuhusiwi, juu inafanana na moja.

La tatu: kilometa zinadanganya, vyuma havidanganyi. Tazama meno ya gurudumu la cheni kama yamechongoka. Tazama mpira wa magurudumu: tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pikipiki inayosemwa ni ya 2021, na mipira yote miwili ni ya 2018, uliza kwa nini. Tena iwashe ikiwa baridi. Ukikuta mwenyewe amekwisha kuipasha moto, rudi kesho. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili.

Tulikwenda Kamina. Pikipiki iling'aa kama sahani mpya. Lakini shingoni, chini ya rangi, namba ilikuwa imesuguliwa kwa tupa. Mwenye kuuza akasema ni kutu. Mzee akanigusa bega, tukaondoka.

Tukarudi kwa yule baba. Nikahesabu namba kwa kidole mpaka alama ya kumi: J. Ni ya 2018, si ya 2019. Hapo moyo wangu ukafurahi vibaya. Nikamwambia: "Baba, umenidanganya mwaka. Na hii karti roze yako imeharibiwa na maji. Nakupa dola 450."

Akanyamaza. Kiisha akasema: "Mwanangu aliinunua Kolwezi mwaka 2019. Ndio mwaka ninaoujua mimi." Hakudanganya. Mwaka wa kununua si mwaka wa kutengenezwa. Akaendelea: "Sawa, leta hizo 450. Watoto watatu wanangojea masomo."

Mzee fundi hakusema kitu. Nikasema nitarudi kesho na makuta.

Usiku sikulala. Kila juma ninawasemea hapa watu wanaonunua masufuria na kinga za waliohama kwa bei ya kuokota. Sasa mimi nilikuwa nani?

Asubuhi nikamuuliza mzee bei ya haki. Akasema: ya 2018, ya kabureta, injini nzima, 700 ni sawa, utoe 40 za cheni na mpira wa nyuma. Nikalipa dola 660 mbele ya mkubwa wa kartieri na mashahidi wawili. Tulimpigia simu mwana, kwa kuwa karti ni ya jina lake, akakubali wote wakisikia. Tukaandika karatasi ya mauzo: majina, bei, namba ya shingoni, namba ya injini, sahihi. Yule baba alihesabu makuta mara mbili, akaniangalia, akasema tu: "Umerudi tofauti."

Ninyi mnaotaka kuuza kitu mlichokimbia nacho: msiuze siku ya kwanza, muulize bei kwa fundi asiyenunua, na mwite mashahidi. Karatasi zenu mzifunge ndani ya plastiki, mzipige picha kwa simu. Ninyi wanunuzi: namba iliyosuguliwa muikimbie, na shida ya mtu msiihesabu kama punguzo.

Pikipiki yangu iko mlangoni. Mipira yake ilikuwa ya lami, inateleza matopeni. Mzee amenifungia nyuma mpira wa meno. Mdogo wangu analalamika kwamba naendesha Apache kama kinga. Na aseme. Kesho inanipeleka kwa familia za upande wa reli, na habari zao zitawafikia zikiwa bado mbichi.

Kutoka Kabondo-Dianda, ni mimi mwandishi wenu.