Bata mzinga wa Massachusetts hataki haraka

Msomaji, huenda una binti, mpwa au jirani aliyekwenda Marekani kusoma au kutafuta riziki, naye akakuarifu kwamba anaishi Lowell. Mji huu uko katika jimbo la Massachusetts, kiasi cha kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa Boston. Ulijengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Merrimack. Majengo yale marefu ya matofali mekundu bado yapo, ingawa mengi sasa ni makavazi na nyumba za kupanga. Mifereji nayo bado inakatiza mjini. Wakenya waliohamia hapa si haba, hivyo usishangae ukisikia mtu nyuma yako dukani akilalamikia bei ya nyanya kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa.

Sasa tuseme umepata viza na tikiti, nawe umefika kumtembelea mwezi wa Novemba. Baridi inauma, miti imepukutika majani, na kabla ya saa kumi na nusu jioni jua limekwisha kuzama. Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani husafiri mbali kwenda kula pamoja na jamaa zao. Mwenyeji wako yuko kazini zamu za usiku, na wageni wamekwisha kualikwa. Kazi ya kumwoka bata mzinga inakuangukia wewe.

Usiogope. Ila yafaa ujue mambo mawili mapema. Kwanza, ndege huyu hapikwi kwa siku moja. Pili, meza atakayowekwa ina habari zake, za furaha na za machozi, na anayekaribisha watu kwenye meza hiyo ni vyema azijue.

Jumamosi: Kununua na kuyeyusha

Anza kazi Jumamosi, siku tano kabla ya sikukuu. Madukani utakuta mafriza yamejaa mabata mzinga waliogandishwa wakawa wagumu kama mawe. Huko huuzwa kwa ratili wala si kwa kilo. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo, kwa hiyo ndege wa ratili 15 ana karibu kilo saba, na anawatosha watu kumi hivi wakala wakashiba.

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko wake. Wengi wa ndege hawa hudungwa maji ya chumvi kiwandani, na kama wako ni mmoja wao, utapunguza chumvi yako baadaye. Nunua pia kipimajoto cha nyama. Ni kitu cha bei ndogo, nacho ndicho kitakachokuokoa siku ya Alhamisi.

Ukifika nyumbani usimweke bata juu ya meza ayeyuke mwenyewe. Nje ya nyama huanza kupata joto na kuzaa viini vya maradhi huku ndani kungali barafu tupu. Mweke ndani ya friji, kwenye sinia la kukinga maji yanayochuruzika, rafu ya chini kabisa. Kila kilo mbili huchukua takriban siku nzima kuyeyuka. Huyu wa kilo saba atahitaji siku tatu hadi nne. Watu wengi hulijua hilo Jumatano usiku, wakabaki kumkodolea macho. Ikikufika hivyo, mtumbukize ndani ya maji baridi akiwa bado kwenye mfuko wake usiovuja, ubadilishe maji kila nusu saa. Itakuchukua karibu saa nane.

Jumatatu: Safari ya Plymouth

Bata anapoyeyuka hakuhitaji. Tumia nafasi hiyo kwenda Plymouth, mji wa pwani ulioko kusini mwa Boston, ambako hadithi ya sikukuu hii ilianzia.

Njiani, hasa mkipitia vitongoji vya Boston kama Brookline, unaweza kumwona bata mzinga wa mwituni akivuka barabara polepole na magari yakimsubiri. Usidhani ametoroka kwa mtu. Ndege hawa walikuwa wa huku tangu awali, lakini misitu ilikatwa na bunduki zikawamaliza. Wa mwisho katika jimbo hili aliuawa mwaka 1851 katika mlima Tom. Mnamo 1972 na 1973, maafisa wa wanyamapori walileta ndege 37 kutoka jimbo la New York wakawaachilia katika misitu ya magharibi. Kizazi cha hao 37 leo kinahesabiwa kwa maelfu mengi, na wengine wamekuwa watundu hata wakamfukuza mpeleka barua.

Kwa asili, bata mzinga alifugwa kwanza na wenyeji wa Mexico. Wahispania walimkuta huko wakampeleka Ulaya katika karne ya 16. Waingereza wakampa jina la Uturuki. Waturuki wenyewe wakamwita wa Hindi. Wareno wakamwita Peru. Sisi tukamwita bata, ingawa ukoo wake uko karibu na kuku na kwale kuliko bata yeyote. Naam, kila mtu alimsingizia mwingine, na Mexico haikutajwa na yeyote.

Plymouth utaonyeshwa jiwe lililochongwa tarakimu 1620 juu yake, ambalo yasemekana ndipo walipokanyaga Waingereza waliokuja kwa meli ya Mayflower. Wageni wengi hushangaa kuliona dogo hivyo. Usiliangalie sana, panda ngazi hadi kilima cha Cole kilicho nyuma yake. Hapo juu imesimama sanamu ya Massasoit, chifu mkuu wa Wawampanoag, akitazama baharini.

Abiria wa Mayflower walikuwa 102. Kufikia majira ya kuchipua ya 1621, nusu yao walikuwa wamekufa kwa maradhi, njaa na baridi. Mahali walipojenga palikuwa na kijiji cha Wawampanoag kilichoitwa Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya kati ya 1616 na 1619. Alikuwa amesalia mmoja, Tisquantum. Alikuwa ametekwa mwaka 1614 akapelekwa Hispania kuuzwa utumwani, akafika hadi Uingereza, na aliporudi alikuta kwao ni mahame. Ndiye aliyewafundisha hao wageni kupanda mahindi.

Mavuno yalipokuja vyema mwaka 1621, wageni walifanya karamu. Mmoja wao, Edward Winslow, aliandika katika barua kwamba watu wanne walitumwa kuwinda ndege, na kwamba Massasoit alikuja na watu wake 90 wakala pamoja siku tatu. Wawampanoag walileta paa watano. Kama ndege wale walikuwa bata mzinga au bata maji, barua haisemi.

Sisi tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona. Wageni walizidi kuja, ardhi ikazidi kupungua, na mwaka 1675 vita vikazuka. Metacom, mwana wa yule Massasoit aliyeleta watu 90 karamuni, aliuawa mwaka 1676, na kichwa chake kikatundikwa juu ya mti papa hapa Plymouth kwa miaka mingi. Mkenya hahitaji kuelezwa sana maana ya mgeni anayegeuka mwenye shamba.

Tangu mwaka 1970, kila Alhamisi hiyo ya Novemba, watu wa jamii za asili hukusanyika kwenye kilima hiki saa sita mchana kwa Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Ilianza baada ya Wamsutta Frank James, Mwampanoag, kualikwa kuhutubia sherehe za miaka 350 ya Mayflower, kisha akakatazwa kwa sababu hotuba yake ilisema ukweli uliowakera waandalizi.

Basi bata mzinga aliingiaje? Sehemu kubwa ni kazi ya mwanamke mmoja, Sarah Josepha Hale, mhariri wa majarida ya akina mama aliyefanya kazi Boston na baadaye Philadelphia. Katika riwaya yake ya mwaka 1827 alieleza meza ya shukrani ambayo bata mzinga wa kuoka amekalishwa mahali pa heshima. Kwa miaka mingi aliwaandikia magavana na marais barua akitaka iwe sikukuu ya nchi nzima. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Alhamisi ya nne iliwekwa kisheria mwaka 1941.

Mkirudi, mtapita karibu na mashamba ya kinamasi ya kranberi, tunda dogo jekundu lenye ukali. Wakati wa kuvuna, mashamba hufurikwa kwa maji, matunda yakaelea, na uwanja mzima ukawa mwekundu. Nunua pakiti moja. Chemsha kwa kikombe cha maji na kikombe cha sukari dakika kumi hivi, mpaka yapasuke. Sosi hiyo huliwa ikiwa baridi pamoja na nyama.

Jumatano: Chumvi na firigisi

Hakikisha leo umekwisha kununua kila kitu. Katika Massachusetts sheria huyafunga maduka makubwa ya vyakula siku ya Shukrani, kwa hivyo hakuna kukimbia kununua vitunguu dakika ya mwisho.

Mfungue bata, kisha tia mkono tumboni na pia upande wa shingo. Utakuta shingo yenyewe na kifuko chenye ini, moyo na firigisi. Wapishi wageni wengi wameoka kifuko hicho pamoja na ndege! Kitoe, lakini usikitupe kama wafanyavyo wengi huko. Kwa Waluhya, firigisi ya kuku ni ya mwenye boma, na firigisi ya bata mzinga ni kubwa maradufu. Ichemshe na shingo kwa moto mdogo ipate supu ya kutengenezea mchuzi, kisha umwekee mzee wa meza haki yake.

Najua nyumbani umezoea kumwosha kuku mpaka maji yang'ae. Huyu usimwoshe. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri hivyo kwa sababu maji hurusha viini kwenye sinki, vyombo na mboga. Joto la oveni ndilo linaloviua. Mpanguse tu kwa karatasi mpaka ngozi ikauke, na unawe mikono vizuri. Kama hakudungwa chumvi kiwandani, mpake chumvi ya chenga, vijiko vitatu vya mezani kwa ndege mzima, nje na ndani. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika alale hivyo. Chumvi itapenya na ngozi itakauka, na kesho itakuwa kavu na ya rangi nzuri.

Alhamisi: Oveni

Wageni wakitarajiwa kula saa tisa alasiri, washa oveni saa nne asubuhi. Vipimo vya huko ni vya Farenhaiti: weka 325, yaani nyuzi 163 za Selsiasi. Mpake bata siagi au mafuta, mtie tumboni vitunguu na limau, na umlaze kifua juu. Wengine hujaza tumbo mkate uliokolezwa viungo. Hiyo ni tamu, lakini huchelewesha kuiva, na mjazo nao lazima upimwe. Mgeni wa kazi hii ni heri aoke mkate huo kando.

Mwingize saa nne na nusu. Kwa uzani huo atachukua karibu saa nne. Usifungue mlango kila mara kumchungulia, maana joto hutoroka. Kifua kikianza kuwa cheusi, kifunike kwa foili. Usiamini rangi wala saa ya ukutani. Choma kipimajoto mahali penye nyama nene ya paja, kisha kifuani, pasipo kugusa mfupa. Pote pakifika nyuzi 74, yaani 165 za Farenhaiti, ameiva. Pasipofika, wageni wasubiri. Ni heri njaa ya nusu saa kuliko tumbo la siku tatu.

Mtoe, umwache apumzike nusu saa kabla ya kukata, ili maji yake yatulie ndani ya nyama. Wakati huo kaanga unga wa ngano kidogo katika mafuta aliyoacha kwenye sinia, mimina supu ya firigisi, na koroga mpaka mchuzi uwe mzito.

Mezani

Kwa Wakenya wa Lowell, bata huyu huenda akakaa kando ya pilau, chapati na sukuma wiki, na hakuna atakayelalamika. Ni desturi kila mtu aseme anachoshukuru kabla ya kula. Zamu yako ikifika, wataje pia watu wa Patuxet. Kuwataja hakuharibu karamu. Na kama kuna mwanafunzi jirani asiye na jamaa, mwite, kwani nyama ni nyingi na chumba chake ni cha upweke siku kama hii.

Mabaki yaingie friji kabla ya saa mbili kupita. Usiku chemsha mifupa na kitunguu na karoti kwa moto mdogo. Mwenyeji wako akirudi kutoka zamu alfajiri ya Ijumaa, baridi imemkausha mikono, mpe bakuli la supu hiyo ingali moto, kabla hajavua koti.