Ng'ambo ya Ruvuma

Paquitequete ni mtaa wa wavuvi mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Aliyetoka Mtwara hashangai mapema: madau ni yale yale, paa za makuti, kinamama waliojipaka msiro mweupe usoni. Kisamvu wanakiita matapa, hukipika kwa karanga na nazi. Mzee aliyekuwa akitengeneza wavu alinijibu kwa Kimwani, tukaelewana. Ila ukiingia ofisini, kila tangazo ni Kireno. Kwetu bibi hugombana na karani kwa Kiswahili chake mwenyewe. Hapa huenda na mjukuu aliyesoma.

Ufuo huu ulipokea mashua za wakimbizi mwaka 2020, naye mzee alikuwemo, akitokea Mocímboa da Praia. Anasema vijana walianza kuingia msikitini na viatu, wakawaambia baba zao kuwa dini yao imeharibika, na shule ya serikali haifai. Wazee wakapeleka taarifa; hazikutiliwa maanani. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya mji huo vikavamiwa. Watu huwaita vijana hao mashababi, ingawa si wale wa Somalia. Baadaye walijiunga na Dola la Kiislamu.

Mahubiri yalikuta vijana wenye hasira tayari. Mwaka huo huo wachimbaji wadogo walikuwa wametimuliwa kwenye rubi za Montepuez, na gesi ya Rasi ya Afungi ikinukia ajira za watu wengine. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, Total ya Ufaransa ikasimamisha mradi wa dola bilioni 20, na Julai yakaingia majeshi ya Rwanda na ya SADC. Ugomvi wa msikiti mmoja ulikuwa umefika Paris na Kigali. Kitaya, upande wetu wa mto, ulishafika Oktoba 2020.

Nilitaka kujivunia Kiswahili chetu na mabalozi wetu wa nyumba kumi, kwamba kwetu wazee husikilizwa. Lakini Mtwara nayo iliwaka mwaka 2013 kwa ajili ya bomba la gesi, na kule Kibiti, nchini mwetu, polisi na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja mmoja, na wauaji hawakuhitaji Kireno. Operesheni ilipokaza, inasemekana baadhi yao walivuka kuja huku.

"Wale wa kwenu," mzee aliniuliza, "baba zao walisema kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniomba nimshikie upande wa pili wa wavu.