WAKUNGA WAWILI NA MFALME ASIYETAJWA JINA (Sehemu ya 4)



Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu dalili za hatari kwa mama mjamzito. Mmenijibu wengi, asanteni. Ila kuna neno limejirudia sana kwenye majibu yenu: "Sista, hayo yote sawa, lakini mwishowe ni majaliwa ya Mungu."

Leo nataka tukae na neno hilo. Sibishani nalo. Mimi mwenyewe siingii zamu bila kusali. Ila tuangalie Maandiko ya Wayahudi, ambayo sisi Wakristo tunayaita Agano la Kale, na ambayo ndugu zetu Waislamu wanazijua habari zake nyingi kupitia Nabii Yusufu na Nabii Musa. Hayo majaliwa yalikuwa yanapitia wapi?

Naanza na wenzangu wa kazi. Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza. Waisraeli wako Misri, wameongezeka, Farao ameingiwa na hofu. Anawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, anawapa amri: mkiwazalisha wanawake wa Kiebrania, mtoto wa kiume muueni, wa kike mwacheni.

Hebu fikiria, jamani. Mkuu wa nchi anampa amri hiyo mtu ambaye kazi yake ni kupokea uhai. Wale mama hawakufanya. Watoto wakaishi. Walipoitwa kujieleza, wakamwambia mfalme kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu sana, mkunga akifika anakuta mtoto keshazaliwa. Hapo huwa nacheka peke yangu. Mkunga yeyote ameshapokea mama wa hivyo, kwa hiyo uongo wao ulikuwa na sura ya kweli kabisa!

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, majina ya wakunga yametunzwa, la Farao halikutajwa. Mpaka leo wasomi wanabishana alikuwa Farao yupi, lakini Shifra na Pua tunawajua.

La pili, pale hapakuwa na muujiza. Malaika hakuja, kijiti hakijawaka, bahari haijagawanyika. Hatuambiwi kwamba Mungu alisema nao hata neno moja. Tunaambiwa tu kwamba walimcha Mungu, na kwa kumcha huko wakamkatalia mfalme. Safari yote ya kutoka Misri ilianzia kwenye chumba cha kujifungulia, kwa wanawake wawili waliogoma.

Endelea sura ya pili. Mama yake Musa anamficha mtoto miezi mitatu, akishindwa anamweka kwenye kisafina cha mafunjo, mtoni. Huyo mama alimwachia Mungu kweli. Lakini kabla ya kumwachia, kisafina alikipaka lami maji yasiingie, na dada wa mtoto akasimama mbali kuangalia litakalotokea. Binti Farao alipomwokota mtoto, yule dada akajitokeza fasta na wazo la mlezi, mtoto akarudi kunyonya kwa mama yake. Alimwamini Mungu, na lami alipaka.

Halafu kuna Esta. Katika kitabu chake cha Kiebrania, jina la Mungu halipo hata mara moja. Mordekai anamwambia kwamba huenda amefika ikulu kwa ajili ya saa kama ile. Anasema "huenda", hana uhakika. Esta anaomba watu wafunge naye siku tatu, kisha anaingia kwa mfalme bila kuitwa, akijua sheria ya kufanya hivyo ni kifo. Alifunga, kisha akaenda. Wayahudi wanaikumbuka habari hiyo kila mwaka katika sikukuu ya Purimu.

Kwetu huku tunaye mtu ambaye jina lake lenyewe ni hilo neno. Padri Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa Zanzibar, akasomeshwa na misheni ya UMCA, ile iliyoanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa hapa Masasi mwaka 1876. Angeweza kubaki Unguja, mahali salama. Alirudi bara, akahudumu Chitangali, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kumbuka kwamba mwaka 1882 Masasi ilikuwa imevamiwa na Wangoni, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Alirudi nchi hiyo hiyo. Ni habari ya Yusufu kabisa, aliyeuzwa na ndugu zake na baadaye akawaokoa na njaa. Ila Yusufu naye hakukaa tu akisubiri. Alikusanya chakula, akaweka akiba miaka saba.

Watu wa Newala mtanielewa haraka kwa mfano wa maji. Simama Shimo la Mungu, tazama bonde lote mpaka kule Ruvuma. Maji ni ya Mungu, lakini aliyaweka chini, sisi tupo juu. Bibi zetu walikuwa wanateremka ukingo na vyombo, wanapanda navyo kichwani. Baadaye zikaja pampu za kuyapandisha kutoka bonde la Mitema. Sijasikia bibi hata mmoja aliyesema kuteremka kufuata maji ni kumkosea Mungu imani.

Basi kwa nini kwenye uzazi tunasema hivyo?

Niwasimulie moja. Kijiji sikitaji. Binti alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto hashuki. Mnajua mila zetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao: mjomba ana sauti. Mjomba alikuwa safarini na simu haipatikani. Ukumbini watu wamekaa, wanasema tumwachie Mungu, mjomba akifika ataamua. Bibi wa yule binti alikuwa kimya muda mrefu. Akainuka, akafunga khanga kiunoni, akasema, "Mjomba wake nimemzaa mimi. Akija mwambieni atukute hospitali." Akaita gari la jirani, nauli akasema italipwa na korosho.

Alipasuliwa usiku ule ule. Mama mzima, mtoto mzima. Asubuhi nikamwambia, "Shikamoo bibi, umeokoa watu wawili." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Aliyeokoa ni Mungu, mimi nimeita gari tu." Mpaka leo sijasikia mahubiri mafupi kuliko hayo.

Lakini nisiwadanganye. Wapo waliowahi, tukafanya kila kitu, na bado tukawapoteza. Esta alijua anaweza kufa, na ujasiri wake haukuwa hati ya kuahidiwa kupona. Kwa hiyo ukiona familia imefiwa, usiwaambie imani yao ilikuwa ndogo, wala usiwaambie walichelewa. Kaa nao ulie nao. Ninachosema ni kwa sisi ambao bado tuna nafasi: "tumwachie Mungu" ni neno la kusema baada ya kuita gari, siyo badala ya kuita gari.

Kwa hiyo, nyumbani kwako fanya haya:

1. Mjomba, mume, mama mkwe, kaeni sasa hivi, mimba ikiwa bado changa, mkubaliane nani ataamua kama mwenye sauti hayupo. Ruhusa itolewe mapema.

2. Msimu wa korosho ukifika, tenga nauli ya uzazi kabla ya kununua kitu kingine.

3. Andika namba 115 ukutani. Ni ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kupiga ni bure.

4. Damu nyingi baada ya kujifungua haisubiri kikao. Mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, degedege: ni safari, usiku huo huo.

Na wewe nesi mdogo wa zamu ya usiku unayesoma hapa, ukiona hali ya mama inabadilika na mkubwa wako anasema tusubiri, piga simu tena. Ikibidi piga ya tatu. Shifra na Pua walisimama mbele ya Farao.

Sehemu ya tano tutaongelea mtoto mchanga na baridi ya asubuhi ya huku juu. Usiku mwema.